Hereni Nilizozificha Vizuri Mno

Jumatatu, 13 Januari

Baridi ya kugandisha mate. Jumapili watu wa bwana harusi wanakuja kumposa rasmi binti yangu Iroda, na mimi, mbele yao wote, nitamvalisha hereni za dhahabu za vijiwe vyekundu alizoniachia marehemu mama yangu. Kuzivaa sijazivaa tangu mwanangu Sherali azaliwe. Kuzisifia nimezisifia Margilan nzima.

Nilizificha vuli, mwizi asizione. Nilizificha vizuri. Vizuri mno. Leo nimefungua sanduku: hamna. Chini ya magodoro: hamna. Ndani ya gunia la mchele: hamna, ila sasa mchele uko sakafuni.

Sijasahau. Mtu wa miaka hamsini na mmoja hasahau. Nimeziweka tu mahali ambapo kumbukumbu yangu bado iko njiani kufika.

Mchana, nikikata karoti, moto ukanipanda tena kutoka kifuani hadi masikioni, kama nimemeza tanuri. Nikafungua madirisha yote. Mkamwana wangu Nafosat, mke wa Sherali, akaenda kuvaa koti, akarudi kumenya vitunguu akiwa nalo. Mume wangu Turgun akauliza kama tumefungua bucha ya kugandishia nyama. Nikamwambia hewa safi ni afya. Akasema hata mwaka jana hewa ilikuwa safi, na tuliifungia nje.

Jumanne, 14 Januari

Nimeamka na hila.

Siwezi kumwambia mtu kwamba hereni hazionekani. Habari ikimfikia wifi yangu Mukambar, dada yake Turgun na mjane wa Odil, anayekaa nyumba ya mbele yetu, nimekwisha. Wifi ana miaka hamsini na minne, na kila penye sinia la pilau hutangaza kwamba umri haujamgusa. Hajui joto, hajui kusahau. Kuna wanawake, husema akinitazama mimi, vichwa vimekuwa chekeche.

Basi nikatangaza usafi mkuu. Wageni wanakuja, kabati zitolewe uani, magodoro yapigwe, mitungi ipinduliwe. Nafosat angezitafuta bila kujua kwamba anatafuta. Mimi nilisimamia kutoka mlangoni, penye upepo.

Amepata miwani yangu ya kusomea. Amepata miwani yangu nyingine ya kusomea. Amepata kipande cha mkate kilichogeuka jiwe, ndani ya kiatu changu cha harusini, na hakuna aliyeweza kunieleza kilifikaje. Hereni, hamna.

Jioni alinijia, mikono imemwiva kwa maji ya baridi, akasema taratibu, "Mama, kama kuna kitu kimepotea, niambie tu. Nikikijua nitakitafuta upesi zaidi."

Nikamjibu kwamba kilichopotea nyumba hii ni usafi. Mtoto mzuri, lakini maswali mengi.

Jumatano, 15 Januari

Wifi kaja kunywa chai, maana yake kaja kupeleleza. Kabla sijammiminia piyala ya pili, moto ukapanda.

"Wifi, mbona umeiva kama nyanya?" akauliza.

Mwanamke mwenye akili angesema ni jiko. Mimi nikasema ni krimu. Krimu ya Tashkent, inavuta damu usoni, inarudisha ujana. Hata mimi nilishangaa jinsi ilivyonitoka vizuri.

"Niletee na mimi," akasema papo hapo.

Kisha akauliza kama zile hereni nimeshazing'arisha. Nikasema zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Nikajipepea na sahani ya zabibu. Zabibu zikaruka zikamwangukia mapajani.

Alhamisi, 16 Januari

Krimu ya Tashkent haipo, kwa hiyo nimeitengeneza. Mafuta ya mkia wa kondoo, figili iliyosagwa, pilipili nyekundu kidogo. Nimeitia kwenye kikopo cha zamani cha Iroda na kumpelekea wifi. Kaipokea kwa mikono miwili. Nikamwonea huruma kwa muda mfupi.

Iliyobaki niliiacha mezani. Turgun akaipaka kwenye mkate, akasema siagi ya siku hizi ina ukali, akaongeza.

Jumamosi, 18 Januari

Iroda ameomba kuzijaribu hereni. Nikamwambia ziko kwa sonara, zinasafishwa. Nikajipongeza.

Msichana kavaa buti, kaenda mwenyewe kwa sonara. Karudi pua nyekundu akisema sonara hajaniona tangu msimu wa tikiti. Nikamwambia ni sonara mwingine. Akauliza yupi. Nikasema yule wa karibu na daraja. Akasema pale pana fundi baiskeli. Nikaanza kulia kwelikweli, bila kupanga. Siku hizi machozi nayo huja bila hodi. Iroda akanikumbatia, akasema, "Basi, Mama, usilie, hata bila hereni nitaolewa." Hapo nikalia zaidi.

Nimeufikiria uongo unaofuata nikiwa nimekaa juu ya pipa lililopinduliwa, uani, penye theluji. Sehemu pekee ya nyumba hii yenye joto la kawaida.

Mpango wa kesho: nizimie. Wakati wa kumvalisha ukifika, nitaanguka juu ya rundo la magodoro. Watu hawamwulizi hereni mtu aliyezimia.

Jumapili, 19 Januari

Siku ya siku.

Wanawake wamejaa sebuleni. Bi Sanobar, mama wa bwana harusi, amekaa pa heshima, mwanamke mnene, mchangamfu, mdogo kwetu kiumri. Mkate umemegwa, pipi zimemwagwa. Akasema sasa tuone zile hereni maarufu. Nikasogea karibu na magodoro, nikalegeza magoti.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mukambar, amechelewa, uso mwekundu kama kaa la moto. Masikioni, vijiwe vyekundu. Hereni za mama yangu.

Nikasahau kuzimia.

Nikamshika mkono, nikawaambia wageni tunakwenda kutazama pilau, nikamtoa hadi uani. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu madirisha nimeyafungua mwenyewe, amezipata wapi.

"Ni za kwangu," akasema. Kisha akasema, "Nadhani ni za kwangu."

Alitazama theluji.

"Nilizikuta sandukuni kwangu mwezi uliopita, zimefungwa kwenye leso. Sikukumbuka zimetoka wapi, na zako sijaziona tangu Sherali azaliwe. Nikajiambia ni Odil. Unajua marehemu alivyokuwa, alipenda kunifichia zawadi. Nikasema kaniachia hii moja ya mwisho, na mimi sikuwahi kuiona. Nililia siku nzima, wifi. Kwa furaha."

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilipofika, imechoka, imechelewa. Vuli. Mafundi wa paa wako nyumbani kwangu. Mimi mwenyewe navuka barabara na leso mkononi, namwambia wifi aniwekee. Yeye anakanda unga, anasema iweke hapo.

Ningeweza kunyamaza. Nilikaribia kunyamaza. Tangu Odil afariki sijaona uso wa Mukambar ukiwa wazi namna ile. Lakini Iroda alikuwa ndani. Nikamwambia.

Akazivua moja moja, akazipangusa kwa ukosi wa gauni, akaniwekea kiganjani. Zilikuwa za moto. Nilipomtazama vizuri nikaona jasho linamtiririka shingoni, na sisi sote wawili tumesimama kwenye theluji bila koti, kama watu walio ufukweni.

"Na wewe pia?" nikauliza.

"Tangu mwaka juzi," akasema. "Ukimwambia mtu, nitakukana."

Nikamwuliza kuhusu krimu, kama ilimchoma. Akasema hakuipaka hata siku moja. Aliitia kwenye bawaba za mlango, na mlango haulii tena.

Tukacheka mpaka tukashikana. Alipoacha kucheka alikuwa analia, nami nikamshika tu.

Tukarudi ndani. Nikamvalisha Iroda, kila mtu akafuta machozi. Bi Sanobar akauliza mbona shangazi ndiye aliyekuja amezivaa. Nikasema ni mila ya ukoo wetu: shangazi huzivaa kwanza, dhahabu isije ikamshtua bibi harusi kwa ubaridi. Akasema ni mila nzuri sana, hata wao wataifuata.

Jikoni Nafosat alinisogelea na glasi ya maji ya baridi. Akasema mama yake alipitia hayo hayo, ni hali ya umri, wala si aibu, na kuna daktari wa kike anayesaidia. Kama nikitaka, twende pamoja. Nikayanywa maji yote. Nikamshukuru, nikamwambia ampe mama yake pole nyingi.

Alhamisi, 23 Januari

Leo mimi na wifi tumealikwa kwa Bi Sanobar. Supu nzito, na somsa, sambusa za kuokwa, za maboga.

Katikati ya chakula Bi Sanobar akawa mwekundu. Akainuka, akafungua dirisha hadi mwisho, akajipepea na sinia. Akatafuta chumvi chumba kizima, na chumvi iko mkononi mwake. Kisha akatabasamu kwa haya, akatuuliza kama na sisi tunasikia joto hili.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli. Nilimtazama Mukambar. Mukambar alinitazama.

"Joto gani?" nikauliza, na wakati huo huo tanuri likawaka kifuani mwangu. Nikaomba koti langu. Nikafunga vifungo vyote hadi kidevuni. Mukambar akaomba lake, na shali juu yake. Nikaomba na mimi shali.

Tulikaa hivyo hadi chai, tumejifunika kama waliookolewa mtoni, jasho likinishuka mgongoni likaingia kwenye soksi. Bi Sanobar alituangalia kwa husuda.

Tulipokuwa tunaagana nikamshika mkono kwa upole. Nikamwambia asijali, mwenzangu, ni umri tu. Siku umri huo ukitufikia na sisi, tutamwelewa.