Mimi Si Meli

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeonewa. Naandika haraka kabla mwanangu Junie hajaamka, maana akiamka ataanza tena kulia, na kilio cha leo kina sababu.

Trafiki alinisimamisha karibu na duka la chakula cha mifugo. Kijana mdogo, mashavu mekundu kwa baridi. Akaniuliza pleti za namba za gari ziko wapi. Nikamwonyesha kadibodi niliyoibandika nyuma kwa mkono wangu, maandishi ya kalamu ya Junie ya zambarau: MSAFIRI BINAFSI, SI BIASHARA. Akaisoma polepole kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi siendeshi. Nasafiri. Kuendesha ni kazi ya madereva, na madereva hulipwa. Akachungulia ndani, akauliza basi anayeendesha ni nani, huyo mtoto? Junie akasema hapana, yeye ana miaka mitatu.

Pleti zenyewe, ambazo huku hulipiwa upya kila mwaka, muda wake ulikwisha. Mtu mwingine angekwenda kuchukua nyingine. Mimi nilizifungua kwa bisibisi, kama alivyonifundisha Mzee Lyle, jirani yetu, fundi wa kunoa misumeno ambaye jioni husoma sheria kwenye simu.

Gari limevutwa! Trafiki akasema dada, wala si jambo kubwa, Jumatatu uje mahakamani na pleti mpya na kadi ya bima, hakimu atakuachia uende zako. Huo ndio mtego wenyewe.

Msiba ni mwingine. Biskuti amebaki ndani. Biskuti ni sungura wa kitambaa, sikio moja limetafunwa mpaka limekuwa kamba. Junie hajawahi kulala bila yeye. Na Junie asipolala, mimi nitalala wapi?

Jumatano, 5 Machi

Hatukulala. Junie kalia mpaka sauti ikakauka. Nikampa dubu, akamtupa. Nikashona macho ya vifungo kwenye soksi, nikampa. Akaitazama soksi, akanitazama mimi, kwa huruma.

Mama alipiga simu. Tressa mwanangu, kachukue hizo pleti, nitakupeleka mwenyewe. Nikamwambia hili ni suala la msingi. Akasema msingi gani, na nyumba yenyewe ya kupanga.

Cody, mume wangu, yuko Dakota kwenye visima vya mafuta. Hajui. Hana haja ya kujua. Atarudi na kulikuta gari uani kama alivyoliacha.

Alasiri Mzee Lyle akaja kwa baiskeli, kwenye theluji. Akafundisha huku akimaliza makaroni ya jibini ya Junie. Akaanza na jina. TRESSA KAY BOWDRE kwa herufi kubwa, kama lilivyo kwenye leseni, si mimi. Ni kampuni ambayo serikali iliifungua siku nilipozaliwa. Mimi ni Tressa wa nyama na damu, wa herufi ndogo. Halafu bendera. Bendera ya mahakama yetu ina matamvua ya dhahabu ukingoni, na bendera ya matamvua ni ya baharini. Kwa hiyo chumba kile ni meli na hakimu ni nahodha. Nikamwuliza meli imefikaje Montana, kusiko na bahari. Akasema hapo ndipo utaona walivyo wajanja.

Lakini lililonisimamisha nywele ni hili. Hakimu akiuliza umeelewa, usijibu nimeelewa. Kamwe! Kuelewa kumetokana na kuelea. Kinachoelea ni chombo. Ukisema umeelewa, umekiri wewe ni chombo cha majini, nahodha keshakupata. Masikini mimi! Miaka yote ile shuleni nilisema nimeelewa, nimeelewa, na wala sikuwa nimeelewa!

Nikamwuliza kama mbinu hii ilimsaidia yeye. Akasema lori lake lilikamatwa zamani, na hadi leo hajakubali. Nikaitazama baiskeli yake pale mlangoni. Mtu wa msimamo.

Ijumaa, 7 Machi

Mama katupeleka kwenye yadi wanakoweka magari yaliyokamatwa. Mwenye yadi ni Gus, jitu la miraba minne lenye kofia ya kufunika masikio. Gari letu tuliliona nyuma ya uzio. Biskuti kakaa kwenye kiti cha Junie, kafungwa mkanda, katukodolea macho. Junie akabandika uso kwenye waya, akamwambia asiogope.

Gus moyo ukamlainika. Akasema gari hawezi kulitoa bila amri, lakini sungura, aa, sungura ni kitu gani? Nimwonyeshe leseni tu ajue mwenye gari ni mimi, atamtoa sasa hivi.

Leseni ilikuwa mfukoni. Niliigusa. Lakini kuonyesha leseni ni kukubali mkataba na serikali, tena ina lile jina! Nikasema sina uhusiano na kampuni hiyo. Gus akauliza kampuni gani. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamgeukia Mama, akamwuliza chinichini kama nimekula.

Junie kalia njia nzima. Mama hakusema neno, na Mama akinyamaza ni vibaya kuliko akisema. Mimi nilitazama dirishani. Kama macho yalinilengalenga, ilikuwa baridi.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi. Junie alikuwa hakimu, kajitanda taulo langu jeusi. Nikamfundisha kuuliza umeelewa? Mimi najibu: mimi si meli, sielei! Akacheka mpaka akaanguka. Mara ya kwanza kucheka tangu Jumanne. Tukabadilishana, akawa yeye anajibu. Anashika haraka mtoto huyu. Atafika mbali.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI!

Hakimu Ostrander ni mama wa makamo, miwani ya mnyororo, kikombe cha chai mbele yake. Matamvua niliyaona kwa macho yangu. Yapo! Akaita TRESSA KAY BOWDRE. Nilisikia kabisa kwamba herufi zilikuwa kubwa. Nikasimama nyuma ya kigeti kidogo cha mbao kinachowatenga watazamaji na hakimu, sikuvuka, maana kuvuka ni kupanda meli. Nikasema, Nahodha, naomba nizungumze nikiwa nchi kavu.

Bwana mmoja nyuma yangu, kashtakiwa kwa kuvua samaki mtoni bila kibali, akadakia kwamba kama hapa ni baharini basi na yeye aachiwe. Askari wa mahakama akamwambia aketi.

Hakimu akanywa chai. Akauliza, wewe ndiye mwenye jina? Nikasema mimi si huyo wa herufi kubwa, na niko tayari kuapa. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayekuonya hatua ya ngazi ina barafu. Nikasema niapishwe! Akaniapisha. Akaandika. Akasema vema, kwa kuwa mwenye gari hakufika, gari litabaki yadi mpaka TRESSA KAY BOWDRE aje mwenyewe. Wewe, bibie, huna shauri hapa, nenda salama. Umeelewa?

Nikasema mimi ni mtu wa nchi kavu, sielei.

Akasema hilo ameshaliona.

Huna shauri hapa! Nilitoka nikirukaruka. Mzee Lyle akanikumbatia ngazini, akasema tangu aanze kusoma sheria hajaona mtu aliyeachiwa upesi namna ile. Mama alikuwa garini kwake na Junie. Akauliza haya, mshindi, na gari liko wapi? Mama hapendi kuona mtu kafurahi.

Jumanne, 11 Machi

Gus kakataa.

Leo nilijishusha. Nikatoa leseni. Picha yangu, macho yangu yaliyovimba, kila kitu. Gus akaitazama, akanitazama, akasema dada yangu, uso ni huu huu, lakini amri ya hakimu inasema yule mwanamke wa jana kaapa kwamba yeye si mwenye gari. Nikasema mwanamke huyo ni mimi. Akasema ndiyo hivyo sasa, wewe si wewe. Nikasema nilikuwa nazungumzia herufi! Akasema anasikitika, haki ya Mungu anasikitika, lakini akimpa gari mtu aliyeapa si lake, mwizi atakuwa yeye Gus. Na sungura je? Sungura yumo ndani ya gari, akasema, na gari ni la yule mama mwingine.

Nikapiga kelele: mimi ni mimi! Mbwa wa yadi wakaitikia.

Mzee Lyle nilimpigia simu. Akasema hiyo ni dalili nzuri, wameanza kuogopa.

Mchana Junie kajilaza sakafuni mbele ya mlango, kwenye matope ya viatu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema Biskuti akija asimpite. Nikamwinua, akarudi. Nikamwinua tena, akarudi. Basi nikamfunika koti langu, nikalala naye pale pale. Sheria zote zilinitoka kichwani. Nikabaki nanusa nywele zake.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuka kigeti. Mguu wa kushoto kwanza, macho nimefumba, Junie kiunoni.

Hakimu akauliza leo mimi ni nani. Nikasema Tressa. Yupi? Nikasema wote wawili. Akauliza kwa herufi zipi. Nikasema zozote zilizopo, Mheshimiwa. Karani akajikohoza kwenye leso.

Akasema kuapa uongo si mchezo, na kwamba ananisamehe kwa ajili ya huyo mwenye kamasi niliyembeba. Kisha akasoma masharti. Pleti mpya, ambazo Mama alinipeleka kuzichukua asubuhi bila hata kunisema, jambo lililonitisha. Bima, ambayo ilikuwa kwenye droo ya jikoni siku zote. Na kadibodi isionekane barabarani. Akavua miwani. Akauliza, umeelewa?

Mzee Lyle kiti cha nyuma anatikisa kichwa kama feni. Nikatazama matamvua. Junie akanishika shavu kwa mkono wake wenye utelezi wa jamu, akasema, Mama, Biskuti anangoja.

Nimeelewa, nikasema.

Nikasubiri. Sakafu haikuyumba.

Gus alikuwa keshampangusa Biskuti vumbi na kumkalisha juu ya boneti. Junie alimshika tu na kumnusa, halafu akampa Gus naye anuse. Alilala kabla hatujatoka getini, sikio la kamba mdomoni. Nikaendesha mpaka nyumbani. Nilisafiri, maana yake. Nilisafiri mpaka nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala! Usiku kucha! Akili imerudi.

Leo Junie kagoma kuoga. Nikamwambia maji yanapoa, ingia, umeelewa? Akasimama juu ya zulia, uchi wa mnyama, mikono kiunoni, akasema yeye si meli, haelei. Nikasema Junie! Akasema Junie hayupo, kampuni. Nikambusu kichwani, nikambeba, nikamtia majini hivyo hivyo na makelele yake. Nikamwambia taratibu lakini kwa uthabiti kwamba nyumba hii ina sheria, upende usipende, na kila mtu akijichagulia yake tutaishia wapi? Sijui watoto wa siku hizi mambo haya wanayatoa wapi.

Baadaye, nikimkausha Biskuti, ambaye naye aliogeshwa, nikaliona kosa langu. Mbinu haikuwa na kosa. Kosa ni mwenye gari! Mimi nina jina la herufi kubwa. Mama analo, Cody analo, hata Junie masikini analo. Lakini humu nyumbani yumo mmoja ambaye serikali haijawahi kumwandika popote. Hana leseni. Hajaapa. Mzee Lyle alipolisikia wazo hili ilimbidi ashuke kwenye baiskeli.

Pleti mpya nimezifungua, zimo kwenye droo ya soksi. Nyuma ya gari nimebandika kadibodi safi, kalamu ile ile ya zambarau: mali ya biskuti. Herufi ndogo tupu. Kesho nasafiri dukani kununua maziwa, naye atakaa mbele.

Waje sasa. Wamwulize yeye kama ameelewa.