Maharage Tisa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo hakuna.

Nimezipata! Mbegu tisa za maharage kutoka pwani kavu ya Amerika ya Kusini. Mtaani hakuna anayeyajua. Hutambaa mita tatu juu na hayaogopi kiangazi. Nimezipanda zote kwenye ukanda nyuma ya jiko. Mama mkwe ameshakata shauri: Jumapili ya tarehe 17 akikuta kijani, ukanda ni wangu. Akikuta patupu, wifi anafunga kamba zake za kuanikia nguo. Wifi ameshanunua vibanio. Maskini.

Jumatano, 6 Machi. Jua kali.

Nimechora jedwali: namba ya mbegu, urefu wa mzizi, maoni. Saa kumi na mbili na nusu nimefukua zote tisa kwa kijiko, nikapima kwa rula, nikafukia. Sifuri mara tisa. Takwimu safi kabisa.

Ijumaa, 8 Machi. Manyunyu.

Namba nne ina mzizi! Milimita tatu! Nimemwamsha mume wangu aje aone. Akasema hongera mke wangu, akauliza kama anaweza kurudi kulala. Wifi, kichwa dirishani, akauliza eti wifi yake anapanda au anazika. Wivu mtupu.

Jumanne, 12 Machi. Joto.

Ajabu! Jana namba nne ilikuwa milimita kumi na moja, leo sita. Kipande kimebaki kwenye kijiko. Maoni: "Unapumzika." Mume wangu ameniomba niziache walau siku mbili. Nimemweleza kwa upole kwamba asiyepima hajui. Abaki na kutengeneza redio zake.

Jumapili, 17 Machi. Anga jeupe.

Mama mkwe kaja na miwani yake. Ukanda mtupu. Nikamkabidhi jedwali, kurasa nne. Akalisoma lote, kisha akasema mwanangu, mwandiko huu ni mzuri mno, ila kijani kiko wapi? Wifi akacheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Saa tano kamba zimefungwa.

Sijashindwa. Kosa nimelibaini: nilipima mara moja tu kwa siku, mengi yakatokea nikiwa nimegeuza mgongo. Nimeagiza mbegu tisa nyingine. Zitakaa ndooni, chumbani. Kupima asubuhi, mchana na jioni.

Kulala: saa tatu kasoro dakika saba. Roho kwatu.