Kidonge cha Bibi Kunigunda na Mke Mwenza wa Ndani ya Simu

Sogeeni karibu, enyi mnaokoboa kahawa katika milima ya Umatengo, nanyi mnaoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga wa Liuli! Zimeni redio, ondoeni sufuria motoni, mwenye mtoto ampe ziwa asilie, kwa maana nina habari kubwa kuliko kibanda hiki. Siwasimulii wafalme, wafalme wana waandishi wao. Namsimulia Kunigunda wa Maguu, mama mkwe wangu, Mshinda-Miteremko, Mbeba-Magunia, mwanamke ambaye jembe lilimwogopa hata kabla halijatiwa mpini. Nami nasimulia jinsi alivyopigana vita na simu, na jinsi kidonge kimoja cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilivyoshuka katika koo lake tukufu.

Ilikuwa hivi. Msimu wa kuchuma kahawa, yule jabali alianguka. Hakuangushwa na mtu, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Aliangushwa na presha, akiwa mteremkoni katika shamba la ngoro, kile kilimo chetu cha mashimo, akajikuta amekaa ndani ya shimo kama mbegu ya haragwe, anayatazama mawingu. Muuguzi Hilda wa zahanati akampima, akatikisa kichwa, akanena:

"Mama, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya uji. Usiruke hata siku moja. Ukiruka utaanguka tena, na safari hiyo pengine pasiwe na mtu wa kukuokota."

Tuliogopa sote, na mimi niliogopa kupita wote. Maana huyu ndiye aliyeshuka Mbinga akambeba mwanangu Careen mgongoni jioni baada ya jioni, ili mimi nikae darasani na wanafunzi wenzangu watu wazima nimalize kidato cha nne. Nilipofaulu, alipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakahama.

Lakini kahawa ikiiva haimsubiri mtu, na Bibi Kunigunda alikuwa akiamka akili yake ipo shambani kabla miguu haijafika, na kidonge kinabaki ndani ya kopo lake, yatima. Ndipo mume wangu Adrian, mwana wa Erasmo, Bingwa wa Kupangusa Vioo vya Simu, aliponunua simu janja, akaiwekea programu ya kukumbusha dawa, akaipandisha Maguu kwa bodaboda, imeviringwa ndani ya taulo kama balozi anayetumwa nchi ya mbali. Babu Erasmo akaipokea kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye sola.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikahawa, yule balozi akafumbua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanamke, laini, isiyo na mafua wala usingizi: "Ni wakati wa dawa. Meza kidonge kimoja sasa."

Bibi akaweka bakuli la uji chini.

"Nani huyo?"

"Simu," akasema Babu Erasmo.

"Simu ya ukoo gani? Imeingia nyumbani kwangu haikupiga hodi, haikusema shikamoo, inaniambia meza! Mimi!"

"Mke wangu, haina wazazi hiyo. Ni mashine."

"Basi kama haina wazazi, adabu itafundishwa na mimi!"

Akasimama Mshinda-Miteremko, akaikamata simu, akaifunika kwa sufuria ya ugali, akaweka na jiwe la kusagia juu yake. Kidonge akakirudisha koponi kwa hasira. Na chini ya sufuria mateka aliendelea kuamuru, "Meza... sasa... meza... sasa," mpaka Bibi akatoka zake kwenda shambani, kichwa juu, dawa hajameza.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Hilda alipompima tena, presha ilikuwa imepanda kama pikipiki iliyoona mlima wa Maguu ikaongeza mafuta. Akatupigia, sauti yake haina utani hata kidogo: "Mfanyeni huyu mama ameze. Sijui mtatumia njia gani, lakini ameze."

Baraza la vita likakaa Mbinga, jikoni kwangu. Adrian akasema tumnunulie simu nyingine. Nikamwambia, "Baba Careen, mama yako hakukataa simu, amekataa dharau. Niachie mimi." Nikarekodi sauti yangu kwa upole wote niliojaliwa: "Shikamoo mama. Ni wakati wa dawa, naomba umeze." Adrian akaituma Maguu, na Babu Erasmo, akiongozwa kwa kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, sikioni kama rubani anayeshushwa ndani ya wingu, akaiweka mahali pa ile ya kwanza.

Loo! Nilidhani nimeshinda. Asubuhi iliyofuata kitochi cha Babu kikanipigia, nikasikia Bibi anavuta pumzi.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mama! Hujanikosea kitu."

"Umeniamkia, nikaitikia marahaba. Nikakuuliza mmeamkaje, Careen hajambo? Ukanyamaza. Ukaniamkia tena, nikaitikia tena. Nikauliza tena. Ukanyamaza. Mara ya tatu nikajisemea, huyu binti ana jambo moyoni hataki kuniambia."

"Mama, ile ni sauti tu, nilirekodi..."

"Najua umerekodi. Lakini ni wewe. Sijazoea wewe uninyamazie."

"Na kidonge?"

"Kidonge nitamezaje na huzuni?"

Nilikaa chini, sakafuni. Sauti ya mgeni ilimkasirisha, na ya kwangu ilimuumiza, na presha haichagui kati ya hayo mawili. Nikamtazama mwanangu Careen, ambaye hajaanza hata chekechea, anamvisha paka soksi. Na hapo, enyi wasikilizaji, silaha ikajionyesha.

Maana mnajua wenyewe utani wetu: bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na babu ndiye mume wanayemgombania. Hao wawili hawajawahi kuamkiana bila kutukanana. Bibi humwita "mke mdogo asiyejua kupika," naye Careen humwita "kizee," na wakimaliza hapo hulala kitanda kimoja wamekumbatiana.

Nikaishika simu kama mkuki. "Careen mama, sema: Bibi, kunywa dawa."

Akaingia uvunguni mwa meza.

Adrian akapiga magoti, akahutubia meza: "Ewe binti yangu, tumaini la ukoo, afya ya bibi yako imo kinywani mwako! Sema neno moja tu!"

"Sitaki. Paka amelala."

Basi nikatumia hila. Nikasema kwa sauti ya kujisemea, "Sawa tu. Kwanza Bibi amesema Babu ni wake peke yake."

Meza ikatikisika.

"MUONGO! Babu ni WANGU! Wee kizee, kunywa dawa! Usipokunywa nakuja na pikipiki namchukua Babu, namleta Mbinga, analala na mimi na paka! Wewe ubaki na mbuzi!"

Nikabonyeza. Maneno yote yalikuwa yamenaswa, tukayatuma Maguu.

Sikuthubutu kuiacha vita hiyo ipiganwe bila shahidi. Nikamwacha Careen na baba yake, nikapanda Maguu, na asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na meko, Babu Erasmo upande wa pili, simu katikati, kidonge juu ya kisosi. Bibi alinywa uji wake polepole, anatutazama kwa jicho la mtu anayejua ameviziwa.

Simu ikalipuka. "MUONGO! Babu ni WANGU!"

Kijiko kikasimama hewani. Simu ikamwaga yote, kizee, pikipiki, paka, mbuzi. Ikamaliza. Hata mashine ya kukoboa kahawa ya jirani nikaona kama imetulia kusikiliza.

Bibi Kunigunda akainuka. Akajifunga khanga kiunoni. Akaielekezea simu kidole, akanena:

"Wewe! Mke mdogo usiyejua kuosha kikombe! Huyu mwanamume nilimpata mama yako hajazaliwa! Nimemlisha, nimemfulia, nimemzika mama yake! Unadhani nitaanguka shambani leo ili wewe urithi? Sianguki! Tazama hapa!"

Akakinyakua kidonge, akakitupa kinywani, akapiga maji gilasi nzima. Koo likapanda, koo likashuka. Kisha akainama mbele ya kioo cha simu, akafungua kinywa wazi, akainua ulimi.

"Umeona? Kimekwenda! Haya, jibu!"

Simu kimya.

"Jibu basi!" Akatugeukia, uso wake unang'aa. "Erasmo! Ameshindwa! Hana la kusema!"

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa machozi kweli. Nikamuuliza, "Mama, lakini unajua Careen yuko Mbinga? Hii ni simu."

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga." Akaketi, akafuta mdomo kwa pindo la khanga. "Ile ya kwanza ilikuwa sauti isiyo na mtu. Hii ni ya mtu, hata wakimtia ndani ya kopo bado ni yeye. Na wewe ulikuwa wewe, ndiyo maana uliponinyamazia niliumia. Lakini mke mwenza akinyamaza, huyo nimemshinda. Kesho mwache aje tena."

Basi na ijulikane kuanzia Maguu hadi Mbinga mjini, na wa bondeni wawaambie wa ziwani, kwamba asubuhi ile kidonge kilishuka, na asubuhi zilizofuata vikashuka vingine, kila kimoja na matusi yake. Na Hilda alipopima tena alitabasamu kwanza kabla ya kutaja namba. Naye Babu Erasmo, Aliyepiganiwa, alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kanisani, akachukua kikapu, akaenda kuchuma kahawa.