Pijo la Baba Mkwe na Wembe Mmoja

Jumapili, 9 Agosti 1981

Nimesema uongo tena. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza.

Tulikuwa Mwika kwa wakwe baada ya ibada. Mtori wa ndizi, pombe ya mbege, maneno mazuri. Yuditha, mdogo wa mke wangu Elinipendo, anaolewa Jumamosi hii, na ndoa inafungwa kwao bwana harusi, Masama. Ni kushuka mpaka Himo, kupita Moshi mjini, kisha kupanda tena upande wa pili. Gari ni pikapu ya baba mkwe, Mzee Ebenezeri. Pijo 404. Linakunywa oili kuliko petroli. Mzee akasema ringi za pistoni zimekwisha, anafikiri kumpa Sirili kazi hiyo.

Sirili ameoa Aikande, dada mkubwa. Ni fundi wa gereji ya Gurdev Singh, ana cheti cha daraja la pili, na hajisifu, jambo linaloniudhi sana. Mimi niko gereji hiyohiyo. Natunza stoo. Lakini Mwika wote wanajua mimi ni fundi mkuu, kwa sababu ndivyo nilivyosema siku ya posa, miaka minane iliyopita, na tangu hapo sijapata nafasi nzuri ya kusahihisha. Sirili anajua. Hajawahi kuniumbua. Hilo nalo linaniudhi.

Nikasikia mdomo wangu unasema: baba, usihangaike, nipe mimi. Sirili akatazama miguu yake. Mzee akanishika bega, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba Yuditha atafika kanisani kwa mikono ya Aminieli. Akina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele, kwa ajili ya mtunza stoo!

Tukaondoka na Pijo kurudi kwetu Moshi kabla ya saa nane, maana Jumapili baada ya hapo magari hayaruhusiwi barabarani, kubana petroli. Elinipendo alisubiri mpaka Himo. Hapo akaniuliza kama nimewahi kufungua injini. Nikamwambia nimeona nyingi zikifunguliwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimetuma ujumbe kazini kwamba naumwa tumbo. Nimeifungua injini uani. Kufungua ni rahisi mno, sijui kwa nini mafundi wanaringa. Nati nimeziweka kwenye sufuria ya Elinipendo kwa mpangilio. Kisha kuku akapanda juu ya sufuria. Mpangilio sasa ni wa kuku.

Ringi za zamani zimeisha kweli. Nyembamba kama pete za bandia. Lazima zipatikane mpya.

Jumanne, 11 Agosti

Moshi mzima hakuna ringi za Pijo. Duka la kwanza walinicheka, la pili walinihurumia. Mpaka wa Kenya umefungwa, kwa hiyo hata ujanja haupiti. Nikaambiwa Sanya Juu yuko mtu sokoni anayeuza maharage, na chini ya maharage ana vitu.

Nikapanda basi. Kweli, chini ya maharage zilikuwapo ringi! Si za saizi yangu, ni kubwa kidogo. Yule bwana akaniambia ringi ni kama kiatu, ukishaivaa inazoea. Nilimwamini. Alinilazimisha kununua na debe la maharage.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nikaona vibaya kidogo. Nilikuwa naumwa tumbo, na huku nimebeba maharage.

Jumatano, 12 Agosti

Leo nimepata aibu ambayo sitaisahau. Gurdev Singh, kwa wema wake, amemtuma Sirili aje kumjulia hali mgonjwa. Kaniletea chupa ya dawa ya tumbo na ndizi. Akanikuta uani nimepakaa oili mpaka masikioni, ringi moja mdomoni, tupa ya kusugulia chuma mkononi.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilikuwa napiga tupa ncha za ringi, maana nilipoiingiza ya kwanza kwenye silinda, ncha zilipandana. Sirili akaeleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ringi ikiwa ndani ya silinda, ncha zake mbili zisigusane. Ibaki nafasi, kwa kuwa injini ikipata moto chuma hutanuka. Isukume ndani kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha pima nafasi kwa fila geji. Anayo mfukoni mwa shati, yale majani membamba ya chuma yenye namba. Akataka kuniachia.

Nikamjibu kwamba ninayo ya kwangu, tena nzuri zaidi.

Sina. Sijawahi kuwa nayo. Alipoondoka nilikaa juu ya tairi nikajiuliza kwa nini mdomo wangu una haraka hivi. Ningemkimbilia. Alikuwa hajafika hata kona. Lakini angemwambia Aikande, Aikande angemwambia mama mkwe, na mimi ningekuwa fundi mkuu aliyeazima. Nikanywa dawa ya tumbo ili isipotee bure. Sasa tumbo linauma kweli.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimepata dawa! Si ya tumbo. Ya kupimia.

Wembe! Ni chuma, ni mwembamba, umenyooka. Nikasukuma ringi ndani, nikapitisha wembe katikati ya ncha. Haupiti? Tupa kidogo. Unapita? Basi, ringi nyingine. Nikamaliza pistoni zote nne kabla ya chai ya saa kumi. Elinipendo akauliza kama Sirili naye hutumia wembe. Nikamwambia Sirili hajafikia hapo.

Nyumbani wembe ni mmoja tu, madukani hakuna hata wa kuonyesha. Kwa hiyo ndio huohuo nilionyolea ndevu jioni. Una mapengo sasa. Nimejikata mara tatu.

Ijumaa, 14 Agosti

Limewaka! Limewaka mara ya nne, halitoi moshi, linaguna vizuri kama ng'ombe aliyeshiba. Nililizungusha mtaa mmoja tu, kwa sababu petroli ni ya kibali na haitoshi majaribio. Zilibaki nati tatu kwenye sufuria. Nadhani ni za akiba.

Nikapanda nalo Mwika taratibu, napumzika kila kilima kwa kisingizio cha kusalimia watu. Mzee akalizunguka, akainama nyuma, hakuona moshi. Akanipa mkono kwa mikono miwili. Mzee mzima, mkwe wangu, mikono miwili. Nikasikia uso unawaka. Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa kabisa. Kikatoka kwamba kazi kama hii mimi naifanya nimefumba macho.

Jumamosi, 15 Agosti

Mungu wangu. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Tulitoka Mwika saa mbili asubuhi. Mbele mimi, Yuditha na gauni lake lililojaa kila mahali, na Mzee. Nyuma Elinipendo, Aikande, Sirili na masanduku. Himo salama. Moshi salama. Nikapiga honi kupita mtaa wetu. Boma Ng'ombe salama, ila kulikuwa na joto lisilo la kawaida miguuni. Nikasema ni jua.

Tukaanza kupanda Masama. Kilima cha kwanza likalalamika. Cha pili likakohoa. Cha tatu likapiga ukelele ambao sijausikia kwa kiumbe chochote, likasimama katikati ya barabara kama limekumbuka kitu. Nikageuza ufunguo. Kimya. Injini imeganda.

Yuditha hakulia. Alinitazama tu kupitia shela. Ibada ilikuwa ya saa tano na tulikuwa na dakika ishirini.

Ikapita trekta ya kijiji inavuta tela la majani ya ng'ombe. Ndiyo. Bibi harusi alipandishwa juu ya majani na mikono minne, mmoja wangu, ambao aliukataa. Mzee Ebenezeri akapanda kwa kusukumwa makalio. Kofia yake ikaanguka, nikaikimbilia, nikakimbia nayo nyuma ya tela mpaka pumzi ikaniishia. Wote walinitazama nikikimbia. Hakuna aliyesema dereva asimame.

Walifika. Bibi harusi akaingia kanisani na majani kwenye shela, na kwaya ilikuwa imeshaimba nyimbo zote ilizojua. Nilifika kwa miguu wakati wa baraka, na kofia.

Mchana Sirili alirudi nami kwenye gari. Mzee naye akaja, hakukaribishwa na mtu. Sirili akafungua juu, akachungulia. Silinda imechanika mistari, ringi imevunjika. Akaniuliza taratibu nilipimia nini. Nikasema wembe. Akauliza nyembe ngapi. Nikasema mmoja, madukani hakuna. Akasema zingetakiwa kama nne, zimelala pamoja, ndipo ringi ipate pa kutanukia.

Mzee akamuuliza Sirili kama ndivyo mafundi wakuu wa gereji yao wanavyopima. Sirili akatazama miguu yake. Nikajua safari hii hawezi kuninyamazia, maana angeichafua gereji nzima. Ikabidi niseme mwenyewe. Nikasema, "Baba, mimi ni mtunza stoo."

Ng'ombe wa mtu alilia mahali fulani. Mzee akavaa kofia yake akaondoka.

Jumapili, 16 Agosti

Sikulala. Alfajiri Elinipendo aliniambia neno moja: isale.

Kila Mchagga anajua. Aliyekosa akichuma jani la isale akaenda nalo kwa aliyemkosea, jani hilo halikataliwi. Watu wamesameheana mambo makubwa kuliko Pijo kwa jani lile. Nikapanda Mwika na basi la asubuhi. Katika haraka nilisahau kulitafuta mjini, nikachuma kwenye mpaka wa kihamba cha Mzee mwenyewe, shamba lake la migomba. Nilipoinua kichwa, alikuwa ananitazama toka mlangoni.

Nikasema shikamoo baba, nikapiga magoti kwenye matope, nikampa jani lake. Alilishika muda mrefu. Nilihesabu kuku wote wa uani.

Akasema, "Isale nimelipokea. Gari hulirudii." Kisha akasema tena, "Aminieli, kutunza stoo ni kazi. Ungesema siku ile, ningekupa Elinipendo vilevile."

Nililia. Naandika wazi, nililia kama mtoto, miaka minane yote ilitoka puani. Akaniletea kibuyu cha mbege mwenyewe. Sirili alikuwepo. Akatoa fila geji mfukoni mwa shati, akanipa iwe yangu kabisa. Nikawaapia wote wawili kwamba uongo basi.

Jumatano, 19 Agosti

Siku tatu nimekuwa mtu mpya. Nimemwambia Gurdev Singh kweli kuhusu tumbo. Alinitazama sana, akasema alijua tangu aliponiona stendi na debe. Mgonjwa wa tumbo hanunui maharage. Nimeona haya mpaka jioni, haya nzuri, ya mtu anayejirekebisha.

Jioni akapita mwenyekiti wa kijiji fulani cha huko chini. Lori lao la Bedford linakunywa oili, kahawa inasubiri ghalani, na fundi hawamjui. Akaniuliza, kwa heshima sana, kama mimi si yule fundi wa Gurdev Singh. Alivyolitamka hilo neno fundi!

Nikamwambia ndimi. Mkuu.

Linaletwa Jumatatu. Elinipendo ameingia ndani amefunga mlango. Fila geji ya Sirili siioni. Nadhani ndiyo anayokwangulia masizi ya sufuria, na sasa si wakati wa kumuuliza. Haidhuru. Safari hii nimejiandaa mapema, sitakimbia kuchuma kwenye mpaka wa mtu. Nimepanda masale yangu mwenyewe nyuma ya nyumba, yakishika yatakuwa yamenawiri kabla ya lori kupanda kilima. Nimepanda sita. Bedford ina silinda sita.