Kichura cha Kujitakia

Leo nimeumbuka, tena kwa magoti yangu mwenyewe.

Kesho mwalimu wa michezo anachagua wakimbiaji wa shule. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani natamani kuingia chini ya dawati, nilitaka nichaguliwe. Kwa hiyo jana, baada ya kupura maharage kutwa juani, nikapanda kilima cha nyuma ya nyumba kwa kuruka kichura. Nikashuka, nikapanda tena. Maji sikugusa. Kaka yangu Pasko alisema maji yanamfanya mwanariadha awe mzito. (Pasko hukimbia akitumwa kuni tu, tena anakimbilia upande mwingine.)

Asubuhi mapaja yamekuwa magumu kama mchi. Chooni, mkojo ukatoka na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikajiambia ni maharage. (Na biolojia nafaulu, msidhani.)

Nikajikokota kwenda shule. Njiani nikakutana na Bibi Martina, jirani yetu, ambaye salamu ya kusimama haipokei.

"Shikamoo, bibi." Nikapiga goti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Haya, inuka uwahi shule."

Sikuinuka.

"Heshima imetosha, mwanangu."

"Bibi, siwezi kuinuka."

Ikaitwa bodaboda. Nikapakiwa kama gunia la mahindi, Bibi akinishikilia kwa nyuma, mpaka kituo cha afya. Nusu ya kijiji ilikuwa kwenye foleni, bila shaka.

Nesi akainua kichupa changu cha mkojo kwenye mwanga. Foleni nzima ikakitazama.

"Umeangukiwa na kitu? Kuna dawa unatumia?"

"Hapana. Niliruka kichura."

"Mwalimu gani huyo amekuadhibu hivi?"

"Hakuna. Nilijirusha mwenyewe."

Kisha mwisho wa benchi nikasikia sauti ninayoijua. Mwalimu wa michezo, amempakata mwanaye mwenye kikohozi.

"Wiki iliyopita ulipochelewa nikakwambia uruke kichura, si ulisema una goti bovu?"

Hata mtoto mwenye kikohozi alicheka.

Daktari akanieleza kwamba misuli ikilazimishwa kupita kiasi, kwenye joto, bila maji, inavunjika. Mabaki yake yanaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazoteseka kuyachuja. "Ungekaa nyumbani siku mbili hivi, tungekuwa tunaongea mengine." Hapo sikuona cha kuchekesha.

Sasa nimelala na dripu mkononi. Maji yote niliyoyakataa jana naletewa kwa sindano. Mbio nimekatazwa mpaka nipone kabisa, kwa hiyo kesho watachaguliwa waliolala mapema.

Msinicheke. Mkishindwa, chekeni huko huko mbali, maana nami nikicheka mapaja yanauma.