Chumba Kipana cha Pichani

Ulimi alikuwa na meza moja ndani ya duka la kuchapisha, kwenye kona, kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya kupigia deki. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa zuri tu, ila mjini hakuna aliyelihitaji. Ukimsikiliza dakika chache ungejua kwa nini anaitwa Ulimi. Ukimsikiliza zaidi ungemwachia na pochi.

Siku hiyo alikuwa anapiga miayo aliposikia mama mmoja akiitukana kompyuta ya duka. Alikuwa dalali wa vyumba, na mtaa mzima ulimwita Mama Funguo kwa ule mzigo wa funguo uliokuwa ukilia kiunoni kila alipogeuka. Alikuwa na picha za vyumba alizopiga kwa simu, na ukurasa wa matangazo ulikuwa unamrudishia moja baada ya nyingine kwa kosa lile lile: picha ni kubwa mno.

Ulimi akasogeza kiti. Riziki ikikujia kwa miguu yake, huiulizi imelala wapi.

Akamweleza, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba picha zake zimenenepa. Picha ya simu ina mafuta ndani, na kuyatoa ni kazi ya mkono, moja moja, taratibu, maana ukiharakisha picha inapasuka uso. Aziache, arudi kesho kutwa. Mama Funguo akauliza kama hakuna njia ya mkato. Ulimi akatikisa kichwa kwa huzuni, akapokea malipo kwa furaha.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye hatausema. Ndani ya kompyuta yake kulikuwa na programu ya bure ya kupunguza picha. Unazitupia zote kwenye folda moja, unaandika upana na urefu unaotaka, unabofya, na zote zinatoka zimepungua kabla hujamaliza kupiga chafya. Kazi ya siku mbili ikaisha chai yake ikiwa bado ya moto. Lakini kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika kikombe, ule mwingine ukagusa kiboksi kidogo kinachoilinda picha isipoteze umbo lake. Tiki ikatoka, naye hakuona.

Vyumba vikatoka vimepanuka. Chumba ambacho ukijinyoosha unagusa kuta zote mbili kilionekana kama ukumbi wa mikutano. Mama Funguo alipozifungua picha alizipitia zote, kisha akazirudia tangu mwanzo, na Ulimi akaanza kupanga uongo wa kujitetea. Haukuhitajika. Mama alimkaribia sikioni, akamuuliza kama anaweza kuvifanya hivyo hivyo na vile vyumba vya uani.

Hivyo ndivyo ushirika wao ulivyoanza. Usimhukumu Ulimi haraka, msomaji, kwa sababu alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, na shemeji yake alikuwa ameshaanza kukohoa kila akilipita kochi lile. Zaidi ya hapo, alikuwa anampenda fundi cherehani mmoja, mwanamke wa maneno machache, aliyemwambia kwamba mjomba wake hatamkubali mume asiye na chumba. Ulimi akamjibu kwamba chumba anacho, tena kipana, kinapakwa rangi tu. Rangi hiyo ilikuwa haikauki miezi sasa, na mjomba alikuwa ameanza kuuliza ni rangi gani.

Biashara ilinoga. Wapangaji walipofika na vitanda vyao, Mama Funguo aliwaambia kuta huvimba kwa joto la mchana, wasubiri jioni chumba kitarudi. Walisubiri. Mtu aliyekwishalipa kodi huamini mengi. Kinyozi mmoja alisubiri wiki nzima, kisha akakikata kitanda chake upande wa miguuni, akawa analala amekunja magoti na kumsifu Mungu.

Tatizo lilikuwa vitu vya mviringo. Beseni lilitoka kama yai, na paka aliyepita mbele ya kamera akatoka na kifua cha mbwa wa ulinzi, hata mtu akapiga simu kuuliza bei yake. Ulimi akaweka sheria: chumba kipigwe picha kikiwa kitupu, bila mtu, mnyama wala sahani. Na kwa kuwa kujisifu ni ugonjwa, siku moja akamkalisha Mama Funguo pembeni yake, akamwonyesha folda, kiboksi na pale pa kubofya.

"Picha yenye mtu haidanganyi, mama," alisema. "Mtu akiwa na umbo lake, jua chumba nacho kina umbo lake."

Mama Funguo aliona ile kazi ya siku mbili ikimalizika kwa chafya moja. Akasema asante mwanangu, akalipa kama kawaida, akaondoka. Hapo ndipo Ulimi alipotakiwa kuogopa, lakini alikuwa anahesabu chenji.

Haikupita muda, mjomba wa fundi akatuma salamu: Jumamosi anakuja kukiona chumba. Ulimi akaingia kwenye matangazo jasho likimtoka. Vya Mama Funguo alivipita, yeye si mjinga. Ndipo akakutana na tangazo la namba asiyoijua. Chumba kipana kweli, na katikati amesimama mwenye nyumba, mwanamume wa kawaida, si mnene si mwembamba. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kioo, duara kabisa. Ulimi akakipima kioo kwa kidole, upana na urefu, akamtazama yule mtu mabega na kiuno. Picha ilikuwa safi.

Akapiga simu. Sauti nyembamba ikamwambia kuna watu wengine wawili wako njiani, anayelipa miezi sita ndiye mwenye chumba. Ulimi akatuma akiba yake yote. Unauliza kama alikwenda kukiona kwanza? Hakwenda. Anayeuza uongo kila siku hudhani pua yake inaunusa.

Jumamosi Ulimi, fundi na mjomba wakafika kwenye ua walioelekezwa, na mkokoteni: kitanda, godoro, na cherehani ya fundi. Mjomba alitangulia na fimbo yake. Mlango ukafunguliwa kidogo sana, na kwenye ule mwanya mwembamba akatokea mwenye nyumba, akapita mzima mzima bila kuusukuma zaidi. Sijawahi kuona binadamu mwembamba vile akiwa na afya njema. Nyuma yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofanana na ujia, na ukutani kioo kirefu, chembamba, umbo la yai lililosimama. Kamera ilikuwa imewachukua walivyo. Programu ikamnenepesha mtu akawa wa kawaida, ikakipanua kioo kikawa duara.

Kisha funguo zikalia, na Mama Funguo akatokea pembeni, akawakaribisha vizuri, akamtambulisha mwenye nyumba kuwa ni kaka yake wa tumbo moja.

Mjomba aliingia, akakwama begani, akatoka. "Baba," alimwuliza Ulimi kwa adabu, "mwanangu atalala wapi?"

Hapa mtu mwenye busara angenyamaza. Ulimi akapandwa na hasira ya mtu aliyeibiwa na mwanafunzi wake, akapaza sauti mpaka wapangaji wakatoka vyumbani, na yule kinyozi akiwa mbele yao.

"Nimetapeliwa," alisema. "Picha imepanuliwa. Mimi najua, kazi hii ni yangu! Unatoa tiki, unaongeza upana, unabofya. Vyumba vyote vya ua huu nimevipanua mimi kwa mkono wangu."

Kinyozi akayatazama magoti yake.

Mama Funguo akashika kifua. "Jamani, mimi na kompyuta wapi na wapi? Nilimpelekea kijana picha azipunguze. Si mmemsikia mwenyewe?"

Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Wapangaji wakamzunguka Ulimi, kila mmoja na dai lake. Kinyozi hakubishana, alikishusha kitanda kutoka kwenye mkokoteni, akasema hiki ni badala ya kile.

Katikati ya zogo hilo, fundi alivua futi yake ya kupimia shingoni, akaingia ndani, akapima ukuta hadi ukuta, kisha mlangoni hadi kwenye kioo. Ulimi alidhani anatafuta namna ya kuwasitiri wawili, na moyo wake ukajaa kuliko siku zote. Fundi akatoka, akamwuliza Mama Funguo kama kodi ya miezi sita imelipwa kweli. Imelipwa. Na jina kwenye mkataba, linaweza kubadilishwa? Mama Funguo akasema jina si kitu, kalamu hii hapa.

"Vitambaa vinataka chumba kirefu," fundi alimwambia Ulimi. "Hiki kinanitosha."

"Na mimi?"

"Ungeniambia huna chumba, ningekungoja."

Ulimi akafungua mdomo. Maneno yote ya mjini, yaliyowahi kumtii kama watoto wa shule, hakuna hata moja lililokuja. Aliumia, aliumia kweli, na wala hakujua afanye nini na uso wake. Mjomba akaibeba cherehani akaipitisha kwa ubavu, wapangaji wakatawanyika, mlango ukaegeshwa.

Godoro tu ndilo lililokosa mtu wa kulitaka. Ulimi akasimama nalo pale nje ya dirisha, amelikumbatia, hajui pa kuelekea. Ndani cherehani ikaanza kulia. Baada ya muda ikanyamaza, na sauti ya fundi ikatoka, ya upole kabisa, ikimwomba asogeze godoro kidogo, linamzibia mwanga.