Kibao cha Kisima cha Stamps

Jumatatu, 4 Machi 1985

Delmer Koenig amepata kibao cha historia. Cha chuma, herufi za fedha, kimesimikwa mbele ya nyumba yake. Eti babu yake ndiye aliyefungua posta ya kwanza hapa Tarrow. Posta yenyewe ilikuwa boksi la sabuni! Leo magari manne yamesimama kukisoma. Kila mara Delmer alitoka, kofia mkononi, kama mchungaji mlangoni pa kanisa.

Sisi akina Stamps tumefuga ng'ombe hapa zaidi ya miaka mia. Kando ya barabara tuna kisima cha mawe walichonywea ng'ombe wote waliokuwa wakiswagwa kwenda kaskazini. Kila mtu anajua kilichimbwa na Asa Stamps, babu yake baba yangu. Kibao hakuna. Nimemwambia Nadine, mke wangu, kwamba kitapatikana. Ameniuliza lini nitatengeneza lango.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Bi Ottilie Braun, mwenyekiti wa kamati ya historia ya kaunti. Alinifundisha darasa la tano, na mpaka leo hunitazama kama niliyesahau daftari nyumbani. Anataka ushahidi wa maandishi. Ushahidi! Kisima kiko pale, mtu anaweza kutumbukia. Nikasema ipo barua ya Asa mwenyewe, ya mwaka 1878. Akasema niilete Ijumaa.

Sasa inabidi niiandike.

Jioni: kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza. Nimeitundika kwenye banda la kukaushia nyama kwa moshi, karibu na kidari cha ng'ombe, izeeke kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Ilizeeka vizuri mno. Bi Braun aliinusa kabla ya kuisoma. Akasema inaelekea Asa aliandika akiwa na njaa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akasema katika Texas nzima anamjua mtu mmoja tu anayeandika "kisma", na mtu huyo alikaa dawati la mbele karibu na dirisha. Nikasema huenda ni ugonjwa wa ukoo. Hakucheka.

Lakini hakunifukuza. Alisema kamati hukubali pia shahidi aliye hai, mwenye kumbukumbu nzuri. Ninaye! Shangazi Verna, miaka tisini na mitatu, mjukuu wa Asa. Kumbukumbu yake ni kali kama wembe.

Jumapili, 10 Machi

Ni kali mno.

Nilifika makao ya wazee mapema na pai ya pichi, nikamweleza shangazi cha kusema. Alikula pai yote akitikisa kichwa kukubali. Bi Braun akaja, akawasha kinasa sauti.

"Babu Asa alichimba siku tatu, hakupata hata tope," alisema shangazi. "Siku ya nne akapanda farasi akaenda zake, akamwacha bibi na watoto wanne na kiu yao. Kisima alikichimba Refugio Cantú, mchunga ng'ombe wetu, peke yake. Bibi alinionyesha jina lake. Liko ndani, chini ya ukingo, upande wa kaskazini."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia. Akasema sikuwahi kumuuliza, na kama pai imebaki, apewe.

Jumanne, 12 Machi

Bi Braun amekuja na tochi. Ana miaka sabini na minane, lakini alilala kifudifudi kwenye ukingo na kuniamuru nimshike miguu. Nikamshika miguu mwalimu wangu wa darasa la tano, na Delmer akapita na gari. Alipunguza mwendo.

Jina lipo. R. CANTÚ 1878. Mimi siku zote nilidhani ni mikwaruzo ya ndoo.

Aliporudi juu, Bi Braun alipangusa magoti muda mrefu.

Alhamisi, 14 Machi

Amparo Cantú hutengeneza matandiko ya farasi karibu na kituo cha mafuta. Ni kitukuu wa Refugio. Tulimwendea, Bi Braun na mimi. Alisikiliza bila kuacha kushona.

"Baba aliwaletea habari hii mwaka hamsini na moja," akasema. "Mkamwambia alete karatasi. Sisi hatukuwa na karatasi, Bi Ottilie. Tulikuwa na kisima. Na kisima kiko ndani ya ua wa huyu."

Bi Braun alikuwa katibu wa kamati mwaka huo. Alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani, kwamba anamkumbuka baba yake, na kwamba alikosea.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ila kibao hakisimikwi bila saini ya mwenye ardhi. Na mwenye ardhi ni nani? Nikawaambia nitatia saini iwapo jina la Asa Stamps litaandikwa pia. Amparo akanitazama, kisha akamtazama Bi Braun. Wakakubali upesi ajabu. Kwa wepesi namna hii, ningedai mistari miwili!

Jumamosi, 9 Novemba

Kibao kimezinduliwa. Mji mzima ulikuja. Akina Cantú walifika thelathini na kitu, wengine kutoka mbali, na sufuria za maharage na nyama. Amparo alipitisha vidole kwenye jina la Refugio, herufi moja moja, mpaka mwisho, akarudia tena. Hata mimi nilivua kofia.

Kisha nikasoma mstari wa tano. "Hatua kumi na mbili kutoka hapa, Asa Stamps alichimba bila mafanikio, akahama."

Delmer aliusoma kwa sauti. Mara mbili.

Jumapili, 10 Novemba

Nimetafakari tangu asubuhi. Nadine anasema sasa nitulie. Nimetulia.

Lakini Asa alihama kwenda wapi? Nimempigia shangazi Verna simu. Anasema alifia Pruett, kaunti ya tatu kutoka hapa, na hakuna anayejua alifanya nini huko. Hakuna anayejua! Huko Bi Braun hana kamati, na mwandiko wangu hawajawahi kuuona.

Nimewasha moto bandani. Nadine anadhani ni wa nyama.